Kiungulia cha Kila Siku Tusikizoee

Mwezi huu tunazungumzia tatizo ambalo karibu kila nyumba inalijua, na kwa sababu hiyo hiyo karibu kila nyumba hulidharau. Tatizo hilo ni kiungulia. Mtu amekula maharage au pilau, akashushia na chai, akajilaza. Haupiti muda mrefu anasikia moto unapanda kutoka chembe ya moyo kuelekea kooni, na mdomoni yanamjia maji machachu. Anaamka, anatafuta magadi au kidonge cha kutafuna, moto unatulia, naye anarudi kulala. Asubuhi amekwisha kusahau.

Anayepatwa na hali hiyo mara moja moja, baada ya sherehe au mlo mzito, hana haja ya kuwa na hofu. Shida iko kwa yule ambaye kwake kiungulia kimekuwa kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akahamia kabisa. Huyo ndiye tunayemwandikia.

Tumfikirie baba mmoja wa makamo, mwanajumuiya kama sisi. Kiungulia kilimwanza akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Mfuko wa shati lake haukosi vidonge, na mkewe amezoea kumsikia akiamka usiku wa manane kutafuta maji. Inapita miaka kumi na mitano. Ndipo kiungulia kinaanza kupungua chenyewe, naye anafurahi, anasema amepona. Siku moja kipande cha nyama kinamkwama kifuani. Anakunywa maji, kinashuka, anasema, “Nilikula kwa haraka.” Baada ya miezi michache ugali haupiti bila mchuzi mwingi. Baadaye ugali unamshinda, anaomba wali uliopikwa ukalainika. Kisha ni uji tu. Anapofikishwa hospitali, suruali yake imefungwa kwa kamba ili isimvuke.

Baba huyu tumemtunga sisi kwa ajili ya maelezo, lakini njia aliyopita ni ya kweli na madaktari wanaijua. Kusudi letu ni kuonyesha mahali ambapo angeweza kugeuka.

Kiungulia hutokea vipi?

Chakula tunachomeza hupita katika umio, yaani ile njia inayotoka kooni kwenda tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25. Mwisho wake wa chini pana msuli wa duara unaofanya kazi kama kamba ya mdomo wa mfuko. Chakula kikifika, msuli hulegea kukipitisha, kisha hukaza tena.

Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu ndani limepakwa ute mzito wa kulilinda, lakini umio hauna kinga ya namna hiyo. Basi, msuli ule ukilegea wakati usiofaa, tindikali hupanda na kuunguza utando laini wa umio. Huo ndio moto tunaousikia. Moyo hauhusiki, ingawa maumivu yako karibu nao.

Mchana tunakuwa wima, na kila tunapomeza mate tunairudisha tindikali chini. Usiku mate hupungua, nasi tumelala chali. Tindikali ikipanda hukaa pale pale kwa muda mrefu. Kwa hiyo kiungulia cha usiku hudhuru zaidi ya kile cha mchana.

Wanaopatwa zaidi ni wenye unene uliozidi, hasa wa tumbo, wavuta tumbaku, wanywaji wa pombe, na wale wanaokula sana usiku na kulala mara moja. Wapo pia ambao sehemu ya juu ya tumbo lao imepenya na kupanda kifuani, hata msuli ule ukakosa nguvu. Dawa nyingine nazo huchangia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hulegeza msuli huo, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huumiza utando. Anayetumia dawa aliyoandikiwa asiiache kwa kusoma maneno haya, bali amweleze mganga wake.

Akina mama wajawazito hupata kiungulia mara nyingi. Wapo wanaosema ni dalili kwamba mtoto ana nywele nyingi. Sababu hasa ni homoni za ujauzito zinazolegeza msuli ule, na tumbo la uzazi linalokua na kusukuma tumbo la chakula juu. Kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya kujifungua. Lakini mama aliyevuka nusu ya ujauzito, akipata maumivu makali chini ya chembe ya moyo pamoja na kuumwa kichwa, kuona maluweluwe, au kuvimba uso na mikono, asidhani ni kiungulia. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Madhara ya kuachwa miaka mingi

1. Vidonda na kupoteza damu. Umio unaounguzwa kila siku huvimba na kuchubuka, mwisho hupata vidonda. Vidonda hivyo vinaweza kutoa damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Mgonjwa huchoka, huhema akipanda kilima, na akipimwa hukutwa na upungufu wa damu asiojua umetoka wapi.

2. Njia kuwa nyembamba. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hukaza. Kidonda kikirudi mara kwa mara, makovu hufanya njia ya chakula kusinyaa. Vyakula vigumu kama nyama, mkate na ugali hukwama kwanza. Njia iliyosinyaa kwa makovu inaweza kupanuliwa hospitalini, na mtu akala tena vizuri.

3. Koo, kifua na meno. Tindikali inaweza kufika hadi kooni na kuingia kidogo katika njia ya hewa. Mwanakwaya mwenye sauti nzuri anajikuta kila asubuhi sauti inakwaruza. Mwingine anakohoa usiku kwa miezi, anapimwa kifua kikuu na hakionekani. Mwenye pumu huzidiwa usiku. Meno nayo huliwa na tindikali, huwa membamba na kusikia ganzi akinywa kitu baridi. Wengine katika hawa hawasikii moto kifuani hata kidogo.

4. Utando kubadilika. Umio ukiunguzwa kwa miaka mingi, mwili wa watu wengine hujaribu kujikinga kwa kubadili utando wa sehemu ya chini ya umio. Utando mpya hufanana na ule wa utumbo. Hali hii huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London aliyeandika juu yake mwaka 1950. Utando huu huvumilia tindikali kuliko ule wa asili, na kwa kawaida hausikii moto kama zamani. Ndiyo maana kiungulia cha miaka mingi kikinyamaza bila matibabu wala mabadiliko ya maisha, tusiseme haraka kwamba tumepona.

5. Saratani. Utando uliobadilika hivyo unaweza, kwa watu wachache, kugeuka kuwa saratani ya umio. Utafiti mkubwa uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu waliosumbuliwa na kiungulia au kucheua angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata saratani ya aina hiyo karibu mara nane kuliko wasiosumbuliwa. Msomaji asishtuke kupita kiasi. Saratani hiyo ni adimu, na hata ikiongezeka mara nane bado wengi mno wenye kiungulia hawataipata kamwe. Kati ya wenye umio wa Barrett wenyewe, wanaopata saratani kwa mwaka hawafiki mmoja katika kila mia moja. Lakini uchache huo haumsaidii yule mmoja aliyechelewa.

Saratani ya umio huku kwetu

Hapa inatupasa kusema ukweli wote. Saratani ya umio ni ya kawaida zaidi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupitia Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Lakini saratani iliyo nyingi huku si ile inayotokana na kiungulia. Ni aina nyingine, inayoanza katika utando wa kawaida wa umio. Inahusishwa na pombe, tumbaku, na vinywaji vya moto sana, pamoja na mambo mengine ambayo watafiti wanaendelea kuyachunguza.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Sentigredi huenda kunasababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuwa umekwisha kuona kwamba watu wengi huanza kunywa chai ikiwa na joto la wastani wa nyuzi 70. Chai ya maziwa inayochemshwa pamoja kwenye sufuria na kumiminwa moja kwa moja kikombeni huwa ya moto sana. Chai si adui yetu. Tuiache dakika chache ipoe, na watoto tuwazoeshe hivyo tangu wadogo.

Kwa nini tunaeleza aina zote mbili katika makala ya kiungulia? Kwa sababu dalili yake kubwa ni moja, yaani chakula kukwama. Mtu aliyezoea kusema “ni kiungulia changu tu” huipuuza dalili hiyo, iwe imetokana na kovu, na tindikali au na saratani ya aina ile nyingine. Akija mapema, yapo mengi ya kufanya. Akija wakati hata maji hayapiti, mara nyingi kilichobaki ni kumwekea mrija wa kufungua njia ili aweze kula. Mrija huo ni msaada mkubwa kwake, lakini haumponyi.

Je, ni kiungulia kweli?

Si kila moto wa kifuani ni kiungulia. Maumivu ya kubana kifua kama kitu kizito kimekikalia, yakienda kwenye bega, mkono au taya, pamoja na jasho jembamba, kuhema au kichefuchefu, yanaweza kuwa ya moyo. Hapo tusipoteze muda na magadi. Mgonjwa akimbizwe hospitali.

Vidonda vya tumbo navyo ni ugonjwa mwingine. Vingi husababishwa na bakteria waliogunduliwa mwaka 1982 na Robin Warren na Barry Marshall wa Australia, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi hiyo. Vina vipimo vyake na dawa zake. Kujitibu kwa kuazima dawa za jirani kwa sababu “dalili zinafanana” ni kupoteza fedha na wakati.

Dalili zisizongoja

Mwenye lolote kati ya haya asisubiri kiungulia kipoe wala mwezi uishe:

(a) Chakula kukwama au kushuka kwa shida, au maumivu wakati wa kumeza.
(b) Kupungua uzito bila kukusudia.
(c) Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa.
(d) Choo cheusi kama lami.
(e) Upungufu wa damu usio na sababu inayojulikana.
(f) Kutapika mara kwa mara.
(g) Sauti kukauka kwa zaidi ya wiki tatu.
(h) Kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50.

Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze wazi tangu lini anaumwa na ni chakula gani kinachomshinda, na aombe kupewa rufaa. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando kipo kipimo cha mpira mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari huona utando kwa macho na anaweza kuchukua kipande kidogo cha kupimwa. Wengi wanakiogopa kipimo hiki, lakini hakikati mwili, na kwa kawaida huchukua dakika chache tu.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, chakula cha jioni kiliwe mapema, angalau saa tatu kabla ya kulala, na kisiwe cha kushiba mno. Katika nyumba nyingi mlo mkubwa huliwa usiku kwa sababu baba na mama wamechelewa kurudi. Pale inapowezekana, mlo mkubwa uhamie mchana. Baada ya siku ya kufunga pia tusifuturu kwa kujaza tumbo na kulala.

Pili, kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali au kipande cha mbao chini ya kila mguu wa upande wa kichwani kinatosha, mradi kitanda kisiyumbe. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu mwili hujikunja katikati na tumbo hubanwa zaidi. Kulala ubavu wa kushoto husaidia pia, kwa kuwa tumbo hukaa chini ya mlango wa umio.

Tatu, mwenye unene uliozidi apunguze uzito. Hata kilo chache huleta nafuu. Mkanda wa suruali na kanga ya kiunoni visikazwe mno.

Nne, tumbaku iachwe na pombe iachwe au ipunguzwe sana.

Tano, kila mtu ajichunguze mwenyewe ni chakula gani kinachomletea shida. Kwa mmoja ni pilipili, kwa mwingine ni mafuta mengi, kahawa, nyanya au soda. Hakuna haja ya kukiacha chakula ambacho hakikudhuru.

Sita, vidonge vyovyote vimezwe kwa maji ya kutosha, mtu akiwa amekaa au amesimama. Doksisaiklini inayomezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akajilaza inaweza kukwama na kuchimba kidonda katika umio.

Juu ya dawa

Magadi huzima moto kwa muda mfupi tu. Tena yana sodiamu nyingi, kama chumvi, kwa hiyo hayamfai mwenye shinikizo la damu, mgonjwa wa moyo au figo, wala mama mjamzito. Maziwa hutuliza kidogo, kisha tumbo hutengeneza tindikali nyingine.

Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini vinafaa kwa kiungulia cha siku moja moja. Lakini huzuia dawa nyingine zisiingie mwilini vizuri, kama doksisaiklini na vidonge vya kuongeza damu. Vile vile, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir azimeze saa mbili kabla ya vidonge hivi au saa sita baada yake. Ni vizuri kuuliza mahali dawa zinapotolewa.

Kwa kiungulia cha kila mara, dawa inayotumika sana leo ni omeprazoli na zile za jamii yake. Hizi hupunguza tindikali inayotengenezwa, na hivyo vidonda hupata nafasi ya kupona. Humezwa kama nusu saa kabla ya kula, kila siku, kwa kawaida kwa wiki nne hadi nane. Wengi huzimeza siku ile tu moto unapowaka, kisha hulalamika kwamba hazifai. Wengine huzinunua dukani mwaka hadi mwaka bila kupimwa. Hao nao wanakosea, maana dawa inaweza kunyamazisha maumivu huku ugonjwa mwingine ukiendelea chini yake. Wapo wanaohitaji kuitumia kwa muda mrefu, lakini hilo liamuliwe na daktari. Aliye na ranitidini ya zamani kabatini asiitumie kabla ya kuuliza, kwa sababu kuanzia mwaka 2019 iliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Mahali pa kugeuka

Tumrudie yule baba. Angeweza kugeuka mahali patatu. Pa kwanza ni pale kiungulia kilipoanza kumjia mara mbili au zaidi kwa wiki, wiki baada ya wiki. Wakati ule kupimwa, dawa ya wiki chache na tofali mbili chini ya kitanda vingeweza kubadili mwendo wote. Pa pili ni pale kiungulia cha miaka mingi kiliponyamaza chenyewe. Pa tatu ni kile kipande cha kwanza cha nyama kilichokwama. Mara zote tatu alikuwa na nguvu za kutosha kwenda hospitali kwa miguu yake.

Mara nyingi anayeumwa hasemi. Anaona aibu kulalamikia jambo dogo, au anafikiria ada za shule kabla ya nauli ya hospitali. Lakini watu anaokula nao wanamwona. Leo jioni tukikaa kula, tumwangalie anayemaliza wa mwisho, anayeacha nyama pembeni, anayeshushia kila tonge kwa maji. Tumwulize kwa upole tangu lini. Na kama jibu ni “siku nyingi,” basi kesho mmoja wetu amsindikize zahanati.